MPANGA MIJI NA AFUNZWE MTAANI

Juma hili twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao, nalo ni namna wanavyofunzwa vijana watakaoipanga miji yetu. Msomaji asiseme, "Hilo halinihusu, mimi sikwenda chuo kikuu." Linamhusu sana. Nyumba anayolala, njia anayopita kwenda kazini, mfereji unaopita au usiopita mlangoni pake, shule wanayokwenda watoto wake, na ile X nyekundu ambayo siku moja yaweza kupakwa ukutani pake, yote hayo huanzia katika mstari uliochorwa kwenye karatasi au uliokosa kuchorwa. Mwenye kushika kalamu hiyo alifundishwa na mtu, mahali fulani. Twataka kujua alifundishwa nini, na ni nani waliokuwapo alipokuwa akifundishwa.

Neno letu ni fupi. Twasema kwamba mpanga miji afunzwe mtaani pamoja na watu wa mtaa, na kwamba watu wa mtaa wawe na sauti katika kuipima kazi yake kabla hajapewa shahada. Hatusemi hivyo kwa kuidharau elimu. Twasema kwa sababu twaipenda elimu, na twaona kwamba elimu ya kupanga mji wa wanyonge haiwezi kukamilika ikiwa wanyonge wenyewe hawamo ndani yake.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wajerumani walitoa amri ya ujenzi wa Dar es Salaam mwaka 1891, wakaweka masharti ya aina ya nyumba zinazoruhusiwa upande wa pwani. Walipokuja Waingereza wakaugawa mji sehemu tatu. Sheria yao haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba: huku nyumba za namna ya Ulaya, pale nyumba za biashara na makazi, kule nyumba za udongo na makuti. Lakini hapakuwa na mtu asiyejua maana yake. Wananchi wenyewe waliziita sehemu hizo kwa majina ya kweli: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao wengi wetu twaujua kwa mikutano na sherehe, uliachwa wazi ili kuitenga Uhindini na Kariakoo. Hivyo ndivyo ramani inavyoweza kufanya kazi ya ubaguzi bila kutamka neno moja la matusi.

Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza iliuandikia mji huo mpango mkuu. Humo kulikuwa na sehemu za watu wachache wenye viwanja vikubwa, sehemu za watu wa kadiri, na sehemu za watu wengi wenye viwanja vidogo. Mpango uliofuata, wa mwaka 1968, ulitayarishwa na kampuni kutoka Kanada, na ule wa mwaka 1979 ukatayarishwa na kampuni nyingine ya Kanada. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana mwaka 1961, bendera ilikuwa imekwisha kubadilishwa, lakini yale maneno ya viwanja vikubwa, vya kadiri na vidogo yalibaki katika vitabu. Mtu wa rangi fulani alitoka, mtu mwenye fedha akaingia mahali pake, na mnyonge akabaki pale pale.

Hatusemi kwamba wageni wale walikuwa na nia mbaya, wala hatusemi kwamba mipango yao yote haikufaa. Twasema hawakuwa wakilala Manzese. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aweza kuwa hodari wa hesabu na wa kuchora, lakini kama hajui kwamba mama muuza samaki huamka saa kumi za usiku ili awahi feri, hataona haja ya kuweka taa katika njia anayopita mama huyo.

Serikali yetu nayo ilijifunza somo hili kwa gharama. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata nyumba za zamani zilibomolewa mahali kama Magomeni ili zijengwe mpya. Nia ilikuwa njema, ila fedha zilikuwa nyingi na nyumba zilikuwa chache, na watu walizidi kumiminika mjini. Ilipofika mwaka 1972 sera ikageuzwa. Badala ya kuvunja, ikaamuliwa kuyatengeneza makazi yaliyokwisha kujengwa, na kupima viwanja vyenye huduma kwa watu wa kipato kidogo. Manzese ikapata barabara na maji, na Sinza ikapimwa viwanja. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ulikubali kwamba mtaa uliojengwa na wananchi kwa mikono yao si ugonjwa wa kukatwa kwa kisu, bali ni mali iliyohitaji njia, maji na mfereji.

Hata hivyo mji ulikua kuliko mipango. Leo inakadiriwa kwamba zaidi ya watu saba katika kila kumi wa Dar es Salaam wanaishi katika sehemu zilizokua bila kupangwa. Mtu akisema hao wote ni wavunja sheria, basi atuambie mji gani utabaki akiwaondoa. Hao ndio mafundi, wapishi, walimu, askari, makondakta, wauguzi na wachuuzi. Hao ndio mji wenyewe.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Kabla ya miaka ya 1970 kazi ya kupanga miji nchini ilitegemea sana wageni. Mwanzoni mwa miaka hiyo ndipo Chuo cha Ardhi, pale kilimani karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilipoanza kufundisha wapanga miji wetu wenyewe. Mwaka 1996 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Hii ni fahari ya taifa. Wanafunzi wake wamekuwa maofisa wa mipango katika halmashauri zetu karibu zote.

Njia kubwa ya kufundisha kazi hii inaitwa studio. Asili yake ni ya mbali. Katika shule ya sanaa ya Paris iitwayo École des Beaux-Arts, wanafunzi wa usanifu wa majengo walifanya kazi ya kuchora chini ya bwana mmoja aliye mjuzi, na mwishoni michoro yao ikapimwa na jopo la waamuzi. Njia hiyo ikaenea duniani, na wapanga miji wakairithi. Katika studio mwanafunzi hakai tu kusikiliza na kuandika. Hupewa, yeye na wenzake, sehemu moja ya mji. Huenda kuitazama, huhesabu nyumba, hupima njia, huuliza watu, kisha hurudi chumba cha kuchorea, huweka meza pamoja na wenzake, hubishana nao, huchora, hufuta na kuchora tena. Mwisho husimama mbele ya walimu, hueleza mpango wake, na walimu humuuliza maswali mpaka jasho limtoke.

Sisi twaikubali njia hii. Kila aliyepita chuo cha ualimu anajua sababu. Mwanachuo wa ualimu aweza kuandika insha nzuri sana juu ya kufundisha hesabu, lakini hapewi cheti mpaka asimame mbele ya watoto sitini, chaki mkononi, siku baada ya siku, mkaguzi akiwa amekaa nyuma ya darasa. Pale ndipo hujulikana kama ameelewa. Tena mtoto asiyefahamu somo huonekana usoni, wala mwalimu hawezi kumdanganya mkaguzi. Muuguzi naye hapewi cheti bila kuhudumu wodini. Kazi ya kupanga mji ni ya namna hiyo hiyo.

Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji watazame kwa makini. Katika mazoezi ya ualimu, mtoto yumo darasani. Katika studio, mwananchi yuko wapi? Mara nyingi yumo katika karatasi ya maswali. Kijana hubisha hodi, huuliza, "Mko wangapi? Choo ni cha aina gani? Maji mwanunua wapi?" Hujibiwa, huandika, husema asante, huondoka. Baada ya miezi mitatu mpango mzuri wa rangi nyingi hutundikwa ukutani chuoni. Wanaokaa kuupima ni walimu na wataalamu waalikwa. Yule aliyejibu maswali hajui hata kama nyumba yake imo au imefutwa. Na katika karatasi, ndugu zetu, kufuta nyumba ni jambo jepesi mno. Mwanafunzi hutaka barabara ya mita kumi na mbili, akaivuta kwa rula kutoka hapa hadi pale, na chini ya rula hiyo kuna familia arobaini. Hakuna aliyelia, kwa maana karatasi haina machozi.

Hatudai kwamba kila mwalimu hufanya hivi. Twajua wako walimu wa Ardhi ambao wamefanya kazi na wananchi kwa miaka mingi, na mfano ulio mzuri uko hapa hapa Kinondoni. Mtaa wa Hanna Nassif uko kando ya bonde la Msimbazi. Mvua zikinyesha maji yalikuwa yakiingia majumbani, na njia hazipitiki. Wakazi wenyewe walijikusanya, wakaunda chama chao cha maendeleo, wakatafuta msaada. Katika miaka ya 1990 kazi ikaanza, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine wakisaidia, na wataalamu wa Ardhi wakitoa ushauri wa ufundi. Wakazi, wanaume kwa wanawake, walichimba na kujenga mifereji na njia kwa mikono yao, nao walishiriki katika kuamua mifereji ipite wapi. Chuo kilipeleka ujuzi wake mtaani, na mtaa ukakipa chuo somo ambalo halimo katika kitabu cha Paris wala cha Toronto: kwamba watu wakishirikishwa tangu mwanzo, hata mwenye kusogeza ukuta wake kwa ajili ya mfereji husogeza, kwa kuwa amekaa katika mkutano ulioamua hivyo.

Jirani zetu wa Nairobi wamekwenda hatua nyingine ambayo yafaa tuitazame. Mwaka 2010 Umoja wa Vyuo vya Mipango Miji vya Afrika ulitia saini mapatano na mtandao wa kimataifa wa mashirikisho ya wakazi wa mitaa ya wanyonge. Maana ya mapatano hayo ni kwamba studio zifanywe kwa pamoja: chuo kilete wanafunzi na walimu, shirikisho lilete wakazi, nao wote wahesabu, wachore na kuamua pamoja. Huko Kenya Chuo Kikuu cha Nairobi kikashirikiana na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi kilichoanzishwa mwaka 1996 wakati watu walipokuwa wakivunjiwa nyumba. Walifanya kazi Mathare, kisha Mukuru.

Mukuru ni mkusanyiko wa vijiji vya mabati katika eneo la viwanda la Nairobi, wenye kaya zipatazo laki moja. Wakazi na wanafunzi walipohesabu pamoja walipata jambo la kutisha. Mtu wa Mukuru hulipa bei ya juu zaidi kwa ndoo ya maji kuliko tajiri anayefungua bomba lake katika mtaa wenye bustani. Hata umeme humgharimu zaidi, na nyumba anayopangishwa haina thamani ya kodi anayoitoa. Maskini hutozwa faini kwa umaskini wake. Jambo hili halikugunduliwa na mwanafunzi aliyekaa mbele ya kompyuta. Liligunduliwa kwa sababu mama mchota maji alikaa meza moja na kijana wa chuo, mmoja akijua bei na mwingine akijua hesabu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Vyuo, vyama vya wananchi na idara za kaunti wakagawana kazi: maji, nyumba, afya, elimu, ardhi, fedha na mengineyo. Ili wakazi wasipotee katika wingi huo, walipangwa kumi kumi, kila kaya kumi zikawa kundi lenye msemaji wake. Wasomaji wetu watatabasamu, kwa maana nyumba kumi ni jambo tunalolijua toka miaka ya 1960. Silaha ile ile tuliyoitumia kupeleka habari kutoka juu kwenda chini, wenzetu wameitumia kuleta maoni kutoka chini kwenda juu.

Lakini tusipambe. Mwishoni mwa mwaka 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walivunjiwa nyumba ili ipitishwe barabara, ingawa mipango ilikuwa ikiendelea. Funzo lake ni chungu, nalo ni hili: mpango uliochorwa na wananchi hauzuii tingatinga peke yake. Wahitaji nguvu ya sheria, na wahitaji watu walioungana na wanaojua kilichoandikwa ndani yake. Ndiyo maana twasema kazi ya studio isiishie chuoni.

Hapa kwetu habari za bonde la Msimbazi zinafahamika. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, mbali sana na kazi zao. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa mwaka 2016 nyumba nyingi za bondeni zikavunjwa. Hatubishi kwamba bonde ni la hatari. Maji hayana simile. Lakini kumhamisha mtu ni kumhamisha pamoja na riziki yake, shule ya watoto wake, na jirani anayemlelea mtoto mgonjwa. Mwaka 2018 yalifanywa majadiliano marefu ya kuchora mpango wa bonde hilo, wataalamu, ofisi za Serikali na wakazi wakikaa pamoja. Hilo lilikuwa jambo jema. Sisi twauliza kwa nini lisiwe kawaida ya kazi, lianze tangu kijana anapofundishwa, badala ya kungoja mpaka maji yaue.

Haki katika mji ina maswali yake, na maswali hayo ndiyo yanayofaa kufundishwa studio. Nani anafaidika na barabara hii? Nani analipa? Nani anaondoka, na anakwenda wapi? Je, wapangaji wameulizwa, au ni wenye nyumba tu? Swali hili la mwisho twalisisitiza. Mara nyingi mkutano wa mtaa huitishwa, wenye nyumba wakaja wakasema "tumekubali", ikaandikwa kwamba wananchi wamekubali. Kumbe chini ya kila paa mna wapangaji wanne au watano. Mtaa ukipata barabara na taa, kodi hupanda. Mwenye nyumba hufurahi, mpangaji hufunga virago akatafute chumba mbali zaidi. Kabwela aliyechimba mfereji ndiye anayefukuzwa na mfereji. Mwanafunzi asiyefundishwa kumtafuta mpangaji usiku, baada ya kazi, atadhani ameusikia mtaa mzima kumbe ameusikia nusu yake. Na wanawake je? Ikiwa mkutano ni wa saa ambayo mama yuko sokoni au jikoni, kutokuwapo kwake si kukubali.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Wa kwanza atasema, "Mwananchi hajui kusoma ramani." Mbona fundi wa Buguruni hujenga nyumba imara bila kuchorewa, na mama wa mtaa hujua kila mfereji unapofurika kwa jina la mwenye nyumba? Ramani ni lugha, na lugha hufundishika. Wekeni picha ya anga chini, juu ya mkeka, mwambieni mtu atafute paa lake. Dakika tano zikipita atawaonyesha na la shangazi yake.

Wa pili atasema, "Muhula ni mfupi, wanafunzi hawawezi kukaa mtaani mwaka mzima." Ni kweli, na ndiyo sababu chuo kisiruke kutoka mtaa hadi mtaa kila mwaka kama nzige. Kichague mitaa michache, kikae nayo miaka mitano, kundi moja la wanafunzi likipokea kazi mahali ambapo kundi lililotangulia limeachia. Wanafunzi watabadilika, lakini mtaa na mwalimu watajuana.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema, "Wanafunzi watawapa watu matumaini, kisha hakuna fedha, na watu watachoka." Hoja hii twaiheshimu. Wako wakazi waliokwisha kuhesabiwa mara nyingi, na hawajaona hata jiwe moja likiwekwa. Vilevile katika kazi ya urasimishaji wako wananchi waliochangishwa fedha za kupimiwa viwanja, wakakaa wakingoja bikoni na hati bila kuviona. Watu waliokwisha kuumwa hivyo wana haki ya kumfungia mlango mwenye kalamu. Jawabu ni uaminifu. Siku ya kwanza mwalimu asimame mbele ya mkutano aseme wazi: "Tumekuja kujifunza. Hatuna fedha za barabara. Tutakachowaachieni ni ramani ya mtaa wenu, hesabu ya watu wenu na mapendekezo mtakayoyakubali wenyewe, yawe mali yenu." Na hilo si dogo. Mtaa wenye ramani yake na hesabu yake mkononi hauzungumzi na halmashauri kama mwombaji.

Wa nne atasema, "Siasa itaingia." Sisi twajibu kwamba siasa imo tangu zamani. Ilikuwamo mwaka 1891 na ilikuwamo mwaka 1949. Kuamua nani akae karibu na bahari na nani akae bondeni ni siasa, hata kama imeandikwa kwa wino wa kitaalamu. Tunachotaka ni kwamba ifanywe hadharani.

Basi twadai mambo haya manne, na twayadai kwa heshima.

La kwanza, kila studio ya kupanga makazi iwe na mapatano yaliyoandikwa kwa Kiswahili baina ya chuo na mtaa, yakionyesha kila upande utatoa nini na kupata nini.

La pili, siku ya kupima kazi za wanafunzi, wakazi wakae katika jopo, wakiwamo wapangaji na wanawake, nao wagawiwe sehemu ya alama. Mwanafunzi aeleze mpango wake kwa Kiswahili kinachoeleweka. Asiyeweza kumweleza mama ntilie kwa nini barabara ipite pale, hajui kwa nini ipite pale.

La tatu, ramani na hesabu zote zirudi mtaani. Nakala moja iwekwe katika ofisi ya Serikali ya Mtaa, mahali ambapo kila mtu aweza kuiona bila kuomba ruhusa.

La nne, halmashauri za manispaa ziyapokee mapendekezo hayo na kuyajibu kwa maandishi: hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hizi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeweka nafasi kwa wananchi katika kutayarisha mipango, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema anayeondolewa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na ya upesi. Wananchi wengi hawajapata kuzisoma sheria hizo, na wapo maofisa wanaopenda hali ibaki hivyo. Studio iwe pia mahali pa kuzisoma pamoja.

Wanachama na wapenzi wetu nao wana kazi. Wanafunzi wakija mtaani kwenu, msiwageuze kuwa watu wa kuwapigia makofi viongozi. Wapelekeni uchochoroni ambako gari la kunyonya majitaka haliingii. Wapelekeni kwa mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita na bado paa linavuja. Waitieni mkutano wakati wa jioni ili wafanyakazi na akina mama waje, wala pasiulizwe kadi ya mtu mlangoni, kwa kuwa maji ya mvua hayaulizi kadi. Na wakija na karatasi ya maswali tu, bila mapatano, waambieni kwa upole warudi kuyaandika kwanza.

Kwa walimu wa chuo twasema: fungueni milango. Kwa wanafunzi twasema: miaka michache ijayo ninyi ndio mtakaokaa katika ofisi ya mipango, na mstari wenu utakuwa ukuta wa mtu. Mjifunze sasa, wakati ambapo kosa bado lafutika kwa kifutio.

Matawi yatakayokuwa tayari kuukaribisha mtaa wao katika kazi hii yaandike barua kwa chuo, na nakala yatuletee sisi. Tutazichapa katika gazeti hili, na majibu yatakayotolewa tutayachapa kando yake.